Darasa Lililopanda Kivuko

Mjukuu wangu anafundisha tafsiri ya Kiingereza na Kichina akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, hapa hapa sebuleni kwetu Kiseke, Mwanza. Wanafunzi wake wako Dodoma, wako Songea, na mmoja sijui yuko wapi huko, wote wamo ndani ya kompyuta wamepangwa kama picha za pasipoti. Juzi nilipita nyuma yake nikitoka kuoga, nimejifunga taulo tu, nikasikia darasa zima linacheka. Mjukuu akageuka.

"Babu, umeonekana mpaka Songea."

Nikawapungia mkono. Ningefanya nini tena.

Jioni aliponiletea chai akaniuliza bibi yake aliwezaje kufundisha kazi hii hii zamani, wakati hata simu ya mezani tulikuwa tunaikuta kwenye ofisi za watu. Nikamwambia darasa la bibi yako lilikuwa linapanda kivuko. Akacheka, akadhani ni utani wa babu. Basi ndiyo naandika. Mimi nimesoma mpaka darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza, maana ng'ombe wa baba walikuwa wengi na wachungaji tulikuwa wachache, kwa hiyo anayesoma anivumilie nikipotea njia. Mke wangu yuko hapa pembeni anachambua mchele. Ameshaniambia nisitie chumvi.

Kichina chake alikipata kiwandani. Alikuwa msichana wakati huo, ametoka kwa masista na Kiingereza kizuri, akaajiriwa kwenye kiwanda cha nguo ambako mafundi wa Kichina walikuwa wanafunga mitambo. Walikuja na mkalimani wao, mama mmoja Mchina aliyejua Kiingereza lakini Kiswahili hajui. Kwa hiyo fundi anasema Kichina, yule mama anageuza Kiingereza, mke wangu anageuza Kiswahili, na mpaka maneno yafike kwa mtu wa mashine, uzi umeshakatika. Wale wanawake wawili wakaanza kula pamoja mchana. Kwenye kula huko ndiko lugha ilikoingia. Baada ya muda mke wangu akawa hahitaji tena kupitia Kiingereza, na yule mama alipoondoka kurudi kwao, yeye ndiye akabaki mdomo wa kiwanda.

Mwanzoni lakini aliwahi kuharibu. Kuna fundi mkubwa alikuwa akiingia asubuhi anawauliza wafanyakazi kama wameshakula. Kwao hiyo ndiyo salamu, kama sisi tunavyouliza umeamkaje. Mke wangu akatafsiri vile vile alivyosikia: anauliza mmekula? Wafanyakazi wakajibu bado, bwana, tangu jana. Wakasimama wanasubiri chakula kije. Fundi naye amesimama anashangaa kwa nini watu hawaanzi kazi. Tangu siku hiyo mke wangu akajiwekea utaratibu, na ndio aliowafundisha wanafunzi wake wote: kwanza angalia huyu mtu anataka nini kwa mwenzake, halafu ndiyo utafute neno.

Mimi nilimwoa akiwa na lugha zake zote. Watu walinionea huruma. Rafiki yangu mmoja aliniuliza, "Sasa akikutukana Kichina utajuaje?" Nikamwambia nitajua kwa macho. Na kweli, mpaka leo najua.

Halafu ikaja miaka ya soko huria. Mji ulibadilika kila kona, mitumba, redio kaseti, maduka ya watu binafsi, viwanda vya minofu ya samaki, ndege kubwa zinatua kubeba sangara. Lakini kiwanda cha nguo kilianza kupunguza watu, na mke wangu akapunguzwa. Akarudi nyumbani na lugha mbili ambazo hana wa kuziongea naye. Wakati huo tulikuwa tunakaa Mkuyuni. Nilikuwa namkuta uani anawaambia kuku maneno ya Kichina, na kuku wanamsikiliza, maana mkononi ana pumba.

Akaanza kufundisha. Watu wote walitaka Kiingereza, kila mwenye mtoto alikuwa anasema bila Kiingereza sasa hivi hupati kazi. Kichina hakuna aliyekiulizia, mpaka walipokuja wanunuzi wa mabondo. Bondo ni ule mfuko wa hewa ulioko tumboni mwa sangara. Sisi zamani tulikuwa tunautupa, mbwa wanauvuta pwani. Kumbe kwa Wachina ni supu ya harusi. Wakaja wanunuzi wao, wakawa wanasimama sokoni Mkuyuni na wanawake wanaokausha mabondo, na huwezi kuamini kelele zilizokuwepo pale, kila mtu anaongea kwa vidole. Mke wangu alikuwa akishuka kwenda kuwasaidia kuelewana.

Siku moja ndiyo binti mmoja akamwona. Alikuwa amekuja kumtembelea shangazi yake pale sokoni, binti mwembamba, amemaliza kidato cha nne, ametoka kijiji cha mbele ya Sengerema. Alisimama asubuhi nzima akimtazama mke wangu mdomoni. Watu walipotawanyika akaja, akapiga magoti kwenye vumbi kama mabinti wa kwetu Usukumani wanavyofanya, akasema shikamoo mama.

"Marahaba. Inuka, utachafua sketi."

"Mama, hiyo lugha inafundishwa shule gani?"

"Haina shule. Iko hapa mdomoni kwangu."

"Na mimi kesho narudi kwetu."

Mke wangu akafikiri kidogo. "Kwenu kuna redio ya kaseti?"

"Baba anayo."

"Basi nenda. Sauti itakufuata."

Mtu atauliza kwa nini mke wangu asiende Sengerema mwenyewe, na mume wake ni baharia wa kivuko. Ndiyo, kazi yangu ilikuwa hiyo, kufunga kamba, kupanga magari, kuwafokea wenye mbuzi. Lakini mwaka uliotangulia ndio ile meli ilizama, na mdogo wake wa kuzaliwa naye tumbo moja alikuwemo, anatoka kwao Bukoba kuja kwetu. Zaidi ya hapo sitaandika. Wa Mwanza anajua. Tangu hapo mke wangu hakukanyaga tena chombo cha majini. Mimi hakuniambia niache kazi, alijua tunakula nini. Ila kila nikirudi jioni alikuwa ananishika shati begani, anaminya kitambaa kidogo, kama anaangalia kama nimelowa, halafu ndiyo anasema karibu.

Kwa hiyo darasa likawa la kaseti. Upande wa kwanza mwalimu, upande wa pili mwanafunzi. Anasoma sentensi ya Kichina taratibu, mara mbili, anaacha nafasi ya mtu kufikiri, anaendelea. Nyingine anasoma kwa Kiingereza, ipelekwe Kichina. Kuzifanya hizo kaseti nyumbani kwetu ilikuwa kazi. Mimi nimekatazwa kukohoa. Watoto wamefukuzwa nje. Jirani anaombwa asimamishe kutwanga. Lakini jogoo nani atamwomba? Kwenye kaseti zile karibu zote kuna jogoo, na binti alikuja kusema baadaye kwamba bibi yake aliuliza kama Uchina majogoo huwika mchana.

Ikishajaa, naiweka kwenye kisanduku cha sabuni, naifunga mfuko wa nailoni, navuka nayo. Ng'ambo nampa mtu wa mikate. Huyu alikuwa jamaa wa baiskeli anayepeleka mikate vijijini, mtu wa maneno mengi sana, na alijua habari za kila nyumba kuanzia bandarini mpaka alikoishia na mikate. Yeye ndiye aliyemfikishia binti, na ndiye aliyenirudishia.

Wanafunzi wengine wa kaseti walikuwepo, mmoja Geita, wengine hapa hapa mjini wanaobanwa na kazi, wote wa Kiingereza. Kichina alikuwa peke yake yule binti. Na alikuwa anaweza. Kaseti yake ikifika mke wangu anaacha kumenya viazi. Anasikiliza na kisu mkononi. "Umesikia hapo?" ananiuliza, mimi ambaye sisikii kitu. "Ameacha neno langu, ameweka lake, na lake ndilo zuri." Kuna mnunuzi mmoja wa mabondo alishamwambia mke wangu kwamba anatafuta mkalimani wa kudumu, kijana, wa kuzunguka naye visiwani. Mke wangu visiwani haendi, mnajua kwa nini. Akawa amemweka yule binti moyoni. Aliniambia siku moja tunakula, "Huyu akishika vizuri, basi hii lugha haikupita mwilini kwangu bure." Akaendelea kula. Mimi nikamsogezea mboga.

Tatizo lilikuwa salamu.

Kila kaseti ya binti ilianza hivi. Yeye kwanza: shikamoo mwalimu. Kimya. Habari za nyumbani. Kimya. Wazima wote? Kimya. Halafu baba yake anaingia, sauti nzito ya mtu wa ng'ombe: mwalimu, habari za huko, mvua imenyesha? Kimya kirefu. Mama yake. Bibi yake, ambaye alikuwa anasalimia kwa Kisukuma, mwangaluka, ambayo ni salamu ya asubuhi, hata kama kaseti imerekodiwa jioni. Wakati mwingine na mgeni aliyekuwepo siku hiyo. Mpaka zoezi lianze, upande wa kaseti umeshaliwa vibaya, na mwisho wa zoezi unakatika. Mke wangu alikuwa akisikia shikamoo anabonyeza kupeleka mbele, anaachia, bado wanasalimiana, anabonyeza tena. Betri zinaisha. Yeye alikulia bweni la masista, maisha ya kengele, kengele ya kuamka, kengele ya uji, kengele ya kunyamaza. Mtu wa hivyo ukimpotezea tepu ni kama umemmwagia maji ya kunywa.

Akarekodi somo, na mwishoni akasema, mimi nipo nalishona koti langu la kazi nasikia: "Kuanzia sasa msiweke salamu. Salamu zinamaliza tepu. Anza moja kwa moja na zoezi."

Kaseti ikaenda. Haikurudi wiki hiyo, wala iliyofuata. Nikamuuliza mtu wa mikate. Akawa anaangalia gurudumu lake, yeye ambaye huwa hanyamazi.

"Niambie tu," nikamwambia.

"Mzee wa kule kanipa hii." Akatoa kisanduku cha sabuni. "Anasema amerudisha sauti ya mkeo."

"Amerudisha maana yake nini?"

"Mimi nauza mikate, kaka. Lakini ukitaka kujua, pale kwake sasa hivi hawasemi 'mwalimu'. Wanasema 'yule asiyetaka salamu'."

Nilifika nyumbani, nikashikwa shati, nikakaribishwa, nikampa kisanduku. Sikumwambia kitu, nilitaka ale kwanza. Hakula. Akaweka kaseti, akageuza upande wa pili, akasikiliza. Inatoa ule mvumo tu, kama mchanga unamwagwa. Akaiacha mpaka mwisho. Ndiyo nikamwambia maneno ya mtu wa mikate.

"Mimi nilizungumzia tepu," akasema.

"Najua."

"Wewe ungekasirika?"

Kwetu, mtu akikataa salamu yako ana neno na wewe. Watu wanaanza kujiuliza wamekukosea nini, au wewe umewakusudia nini. Mzee hawezi kumwacha binti yake mikononi mwa mtu wa namna hiyo, hata kama ni sauti tu. Nikamwambia hivyo hivyo, kwa kifupi.

Akaenda kwenye sanduku lake, akatafuta kaseti ya zamani ya binti ambayo alikuwa hajaifuta, akaiweka. Shikamoo mwalimu. Safari hii hakubonyeza. Ikaja kimya. Habari za nyumbani. Kimya. Baba, mama, bibi, kila mmoja na kimya chake. Nilimwona amekunja uso kama anavyofanya akikutana na sentensi ngumu. Akarudisha nyuma, akasikiliza tena.

"Hivi vimya," akasema taratibu. "Nilikuwa nadhani binti hajui kubonyeza. Walikuwa wananisubiri nijibu."

Akazima redio. Akakaa.

"Wamekaa pale wote wananisubiri," akasema, "na mimi nilikuwa nawaruka."

Siku yangu ya mapumziko nikavuka kama abiria. Alinifungia sukari na sabuni za mche, akanipa na ile kaseti. "Ukiona wanaweza, binti afanye zoezi. Ukiona hawawezi, rudi tu, usimlazimishe mtu." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, lakini alinishika shati hata kabla sijaondoka, kitu ambacho hakuwahi kufanya.

Kutoka mjini Sengerema ni mwendo mrefu, nilipakiwa kwenye baiskeli ya mtu wa mikate, nimekumbatia kikapu chake, nanuka mkate mpaka nafika ng'ombe wananifuata. Nyumba ilikuwa na ua wa minyaa. Binti akatoka, akapiga magoti, akasalimia, akaingia ndani bila kunitazama usoni. Nikajua mambo siyo mazuri. Nikapewa kigoda. Baada ya muda mzee akatoka. Mtu wa umri wangu, labda kanizidi kidogo, kofia imekaa upande.

"Wewe ndiye mume wa sauti?"

"Ndiye mimi."

"Na wewe salamu zinakumaliza?"

"Mimi nasalimia mpaka mbuzi. Kazi yangu ya kivukoni ndiyo hiyo."

Hakucheka, ila mdomo ulisogea. Akakaa. Tukasalimiana. Tukasalimiana sawasawa, kama baba zetu: mvua, mihogo, ng'ombe, ng'ombe wa baba yangu waliishia wapi, ziwa limekaaje, bei ya pamba, nani amekufa upande ule, nani ameoa. Mama wa binti akaja, tukaanza upya. Akaja bibi, mfupi, ameshika fimbo, tukaanza upya kwa Kisukuma.

"Nyumbani wazima?" mzee akauliza.

"Wazima."

Nikatoa sukari na sabuni. Mzee akavitazama pale chini kama vitu vilivyoangushwa na mtu mwingine.

"Sisi hatukuwa na njaa ya sukari," akasema. "Tulikuwa tunataka kujua huyu mama ana nini na sisi."

Nikaeleza habari za tepu na betri. Nikaeleza masista na kengele zao. Nilidhani kwenye kengele watacheka, mimi mwenyewe huwa nacheka. Hawakucheka. Bibi akaniuliza:

"Wewe unafanya kazi kivukoni, sivyo?"

"Ndiyo, mama."

"Basi kupanda kwake ni bure. Mbona kakutuma wewe? Mtu mwenye neno zuri huja nalo mwenyewe."

Sikuwa nimepanga kulisema, maana nyumbani kwetu lile jambo lilikuwa halisemwi. Nikaangalia mikono yangu. Nikasema mke wangu hapandi chombo cha majini. Mdogo wake alikuwa kwenye ile meli.

Watoto waliokuwa wanagombania ndoo uani wakaiacha. Mzee akavua kofia.

"Alipatikana?"

"Hakupatikana."

"Na mimi nilikuuliza nyumbani wazima," akasema, "ukasema wazima."

"Ndivyo tunavyojibu."

"Huyo siyo mzima, bwana. Nyumba hiyo siyo nzima."

Bibi alikuwa amekaa chini, miguu ameinyosha. "Mwaka wote huu," akasema, anaongea na mwanawe, siyo na mimi, "tunamsalimia mtu mwenye msiba kama mtu asiye na msiba. Tunamuuliza mvua. Angejibu nini sasa?"

Mzee akamwita binti. "Leta redio."

Ililetwa, ikawekwa juu ya kigoda, mimi nikahamia kwenye gogo. Nikampa binti kaseti. Ndipo nilipoona kitu ambacho kaseti haikuweza kutuonyesha kule Mkuyuni: binti alipiga magoti mbele ya redio, pale pale kwenye mavumbi, na ndipo akabonyeza kitufe chekundu. Kila siku alikuwa anafanya hivyo. Mama yake akapiga magoti pembeni yake. Mtoto mmoja akatumwa nyumba za jirani, na watu wakaanza kuja, wanawake na khanga mabegani kama watu wanaokwenda matangani, wanaambiwa mlangoni ni nani na amefiwa na nani, wanakaa chini wanasubiri zamu. Bibi ilipofika zamu yake alipiga kelele redio ikatetemeka.

"Bibi, anakusikia hata ukisema pole pole," nikamwambia.

"Wewe unasema tu. Mwanza ni ng'ambo."

Mzee alikuwa wa mwisho. Alisogeza kigoda chake karibu, akaongea ameinama, sikusikia yote. Kisha akasimama, akasema ana ng'ombe wa kuwatazama, akaondoka. Kuhusu masomo hakusema neno. Nikamwangalia binti. Alikuwa bado na redio mapajani, kidole karibu na kitufe, anamtazama baba yake anavyokwenda. Mtu wa mikate akanihimiza kwamba kivuko kitaniacha. Nikaingia ndani kuaga, nikaagwa, na kuaga nako kwetu kuna hatua zake, na nilipotoka binti akanipa kisanduku kimeshafungwa nailoni. Sikuthubutu kumuuliza kilichomo.

Nilipofika, jua lilikuwa linashuka nyuma ya mawe. Mke wangu alinishika shati, akaniangalia. "Wamesemaje?"

"Sijui," nikasema, na ndiyo ulikuwa ukweli. "Sikiliza mwenyewe."

Akaweka kaseti. Shikamoo mwalimu. Mkono wake ulikwenda kwenye kile kitufe cha kupeleka mbele, mazoea tu, ukafika, ukarudi. Akasema, "Marahaba, mwanangu." Aliisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu yuko mlangoni. Kimya kile kilikuwa kimemwachia nafasi ya kutosha.

Mama wa binti akasema, pole sana dada kwa msiba. Mke wangu akageuka akanitazama. Nikatazama chini. Niliogopa atazima. Hakuzima. "Asante, dada," akasema. Jirani wa kwanza, pole. "Asante." Mwingine, ambaye hatumjui mpaka leo, akasema na yeye alikuwa na mtu wake kwenye meli ile, shemeji yake, na kwamba walimzika. Hapo nafasi ilikuwa fupi, mke wangu akachelewa, akamjibu huku jirani mwingine ameshaanza kuongea, akaomba radhi kwa redio, akamjibu na huyo. Bibi akaja na kelele zake. Mwanangu, unanisikia? Kimya. "Nakusikia, mama." Usinywe chai peke yako saa ambayo mdogo wako alikuwa anakunywa na wewe. Kaa na mtu. Kimya. Mke wangu alijaribu kusema nimesikia, midomo ilisogea, sauti haikutoka. Nikamjibia mimi. Sijui kama inaruhusiwa.

Halafu mzee. "Mwalimu. Sisi hatukujua. Ungeturuhusu tusalimiane tungejua mapema." Kimya. Mke wangu akatikisa kichwa, ndiyo. "Huyu binti ni wako pia. Nimemwambia, na baba zake wakubwa na wadogo nitawaambia. Akiitwa kazini huko aje, akae kwako. Ila asikae kwa mtu ambaye hatumsalimii." Kimya kingine, kirefu kuliko vyote, na ndani yake unasikia ng'ombe, na nyayo zake zinaondoka.

"Karibuni," mke wangu akasema. "Nimekubali. Asante, baba."

Ukaja mkwaruzo wa redio kuwekwa sawa, kitu kimegusa kipaza sauti, binti akakohoa kidogo. Akaanza zoezi. Sentensi ya kwanza ya Kichina, akaipeleka Kiingereza. Mke wangu akakaa wima, machozi yako pale pale hajayafuta, akaanza kusahihisha kwa kidole hewani. Ya pili. "Eeh," akasema. Ya tatu ilikuwa ndefu, ile aliyoihangaikia yeye mwenyewe kuitunga, binti akaingia nayo vizuri, amefika katikati, anageuza neno gumu, redio ikafanya ta. Tepu imekwisha.

Mke wangu akaigonga redio ubavuni, akatoa kaseti, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha kama huenda kuna kidogo kimebaki. Hakuna.

"Amepatia?" nikamuuliza.

"Sijui. Amekatikia hapo hapo." Akapangusa uso kwa khanga, akainuka, akaanza kutafuta viatu vyangu chini ya meza. "Nenda dukani kanunue kaseti."

"Kesho si nitapita."

"Leo. Na usilete fupi, leta ile ya dakika tisini."